Nyuzi Kwanza, Picha Baadaye: Nilivyotengeneza Mchoro Wangu wa Mishono ya Msalaba kwa Printa ya Nyumbani

Kwa miaka mingi sisi tunaodarizi kwa mishono ya msalaba hapa Mbeya tumekuwa tukinakili kutoka kitambaa hadi kitambaa. Ukipenda ua lililo kwenye kitambaa cha kochi cha jirani, unakiazima, unaketi nacho karibu na dirisha, unahesabu misalaba mmoja baada ya mwingine na kuihamishia kwenye kitambaa chako. Njia hiyo imetulea na siidharau hata kidogo. Hata hivyo ina mpaka wake, kwa kuwa maua yanayozunguka kuanzia Uyole hadi Mbalizi ni yaleyale, na tausi ni yuleyule ambaye kila anapohamia nyumba nyingine hupungukiwa na manyoya. Mpwa wangu alipoposwa, akaniomba kitambaa kirefu cha meza kwa ajili ya sherehe yake ya kuagwa, chenye maua ya Kitulo na maneno "Karibu Nyumbani", hapakuwa na jirani wa kumwazima. Nikalazimika kuchora mwenyewe, nikitumia kompyuta mpakato ya zamani na printa ndogo ya wino ambayo watoto walikuwa wakiitumia kwa kazi za shule.

Nieleze kwanza kwa nini sikununua mchoro ulio tayari. Michoro mingi inayouzwa kutoka nje hutaja rangi kwa namba za DMC, kampuni ya Ufaransa yenye asili ya mji wa Mulhouse tangu mwaka 1746. Namba 310 ni nyeusi, 321 ni nyekundu, na orodha nzima ya nyuzi zake za kudarizi ina rangi 500. Namba hizo zina maana kwa mtu anayeweza kuingia dukani na kuchukua aitakayo. Katika maduka ya vifaa vya ushonaji niliyoyazoea Mwanjelwa, nyuzi huja katika mafungu yasiyo na namba, au yenye namba za kiwandani zisizolingana na za kiwanda kingine chochote, na mzigo ukiisha rangi ile huenda isirudi tena. Mchoro unaodai vivuli saba vya kijani, ilhali dukani vipo vitatu, utakuudhi hadi mwisho. Ndiyo maana jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kazi ianzie kwenye nyuzi na kitambaa ulivyo navyo mkononi, kisha picha ilazimishwe kuvifuata. Maelekezo mengi huanza na picha, na kwa hali ya huku kwetu huko ni kuanzia mwisho.

Nilinunua fungu moja la kila rangi niliyoipenda kabla ya kugusa kompyuta. Kila rangi niliizungusha kwenye ukingo wa kadi ngumu iliyokatwa kutoka boksi la viatu, nikaipa namba yangu mwenyewe, kuanzia 1 hadi 16. Kisha nilikata kipande cha kila uzi, nikakilowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nikakibana katikati ya kitambaa cheupe na kukiacha usiku kucha. Asubuhi, nyekundu mbili na zambarau moja zilikuwa zimeacha alama. Uzi unaochuja usiingie kabisa kwenye kazi ya kitambaa cheupe, hata kama rangi yake inavutia kiasi gani. Nimemwona dada mmoja wa kwaya yetu akilia juu ya kitambaa cha madhabahu kilichogeuka waridi mara ya kwanza kilipofuliwa, na hakuna dawa aliyojaribu iliyokirudisha.

Kadi za rangi 13 zilizobaki nilizipiga picha asubuhi, kivulini, juu ya karatasi nyeupe na bila taa yoyote, kwa sababu taa za ndani hufanya nyeupe ionekane ya njano na kijani kielekee kahawia. Picha hiyo niliifungua katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikachota kila rangi kutoka kwenye kadi yake na kutengeneza orodha ya rangi 13, ikiwa na namba zilezile nilizoandika kwenye kadi. Rangi za kwenye kioo hazilingani kikamilifu na za uzi, na zikichapwa hutofautiana zaidi, lakini hilo halina madhara. Anayeshona hafuati rangi iliyo kwenye karatasi. Anafuata namba, na namba inampeleka kwenye kadi.

Kitambaa nacho kina hesabu zake. Aida, kile kitambaa kilichofumwa kwa vijumba vyenye vishimo kwenye kona, hutajwa kwa idadi ya vijumba katika inchi moja, na vya 11, 14, 16 na 18 ndivyo vilivyozoeleka. Mwenye rula ya sentimita ahesabu vijumba vilivyomo katika sentimita 10: akipata 43 kitambaa ni cha 11, akipata 55 ni cha 14, na akipata 71 ni cha 18. Ni vizuri kuhesabu hata kama kuna lebo. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa mchoro wenye upana wa vijumba 110 hutoa sentimita 20 kwenye aida ya 14, na hutoa zaidi ya sentimita 25 kwenye aida ya 11, na meza haitanuki ili kukusaidia.

Aida ya kutosha meza nzima ilinishinda bei. Nikachukua kitambaa cha pamba chenye nyuzi nene zinazohesabika, aina ileile ambayo mama zetu wamekuwa wakiidarizi siku zote, nikawa nashona kila msalaba juu ya nyuzi mbili kwa mbili. Hapa ndipo nilipokutana na ugumu ambao sikuwahi kuuona ukielezwa popote. Katika kitambaa cha kawaida, nyuzi za mtande (zinazofuata urefu wa kitambaa) na nyuzi za mshindio (zinazozikatiza) hazibanani kwa kiwango kimoja. Changu kilinipa misalaba 50 katika sentimita 10 za upana, lakini misalaba 42 tu katika sentimita 10 za kwenda juu. Nilishona duara la majaribio lenye misalaba 20 kila upande, likatoka yai lililosimama wima. Karatasi ya grafu ya shule, kwa kuwa ina miraba iliyo sawa pande zote, haiwezi kuonyesha tatizo hilo hata ukichora kwa uangalifu gani. Hesabu hizo mbili, za upana na za kwenda juu, ndizo zilizoamua kila hatua iliyofuata, na mtu anayetaka kudarizi kwenye kitambaa kisicho aida asichore hata petali moja kabla ya kuzipata.

Kwa mchoro wenyewe nilitumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali isiyolipiwa, ambayo hukuruhusu kuweka upana na urefu wa vijumba kwa sentimita. Niliweka upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 4.8, kwa sababu uwiano huo unakaribiana na ule wa 42 kwa 50 wa kitambaa changu. Kuanzia hapo duara lililoonekana duara kwenye kioo likawa duara kwenye kitambaa. Katika Excel jambo hili linachosha kidogo, kwani upana wa safu hupimwa kwa herufi na urefu kwa pointi. Anayeitumia ahamie kwanza kwenye mwonekano wa ukurasa ili apate sentimita. Zipo pia programu za kudarizi zinazogeuza picha kuwa mchoro zenyewe, na kwa mwenye aida zinatosha. Mimi nilibaki na jedwali kwa sababu ya vijumba vyangu visivyo vya mraba, na kwa sababu jedwali halihitaji intaneti, ambayo mtaani kwetu huja na kuondoka inavyotaka.

Jedwali lina faida nyingine ambayo niliifahamu nikiwa nimekwisha kupaka rangi nusu ya ua kwa mkono. Badala ya kupaka, andika namba ya uzi ndani ya kijumba, kisha weka kanuni kwamba kijumba chenye namba 4, kwa mfano, kijipake kijani chenyewe. Ukibadili kanuni mara moja, majani yote yanabadilika. Zaidi ya hapo, namba huhesabika: fomula ya COUNTIF hukuambia ni vijumba vingapi vina namba 4, jambo ambalo haiwezi kulifanya kwa rangi tupu. Fungu la kawaida la uzi wa kudarizi lina urefu wa mita 8 na nyuzi ndogo sita, hivyo anayeshona kwa nyuzi mbili anapata mita 24 za kushonea, ambazo kwenye aida ya 14 hufika misalaba kama 1,800. Kitambaa changu kilihitaji nyuzi tatu na misalaba mikubwa zaidi, nikakadiria 1,200 kwa fungu. Fomula iliponiambia kwamba kijani cha majani ya mchoro wote ni misalaba 5,300, nilirudi Mwanjelwa siku hiyohiyo na kuchukua mafungu matano kutoka kwenye mzigo uleule, kabla hayajaisha. Hata rangi yenye jina moja, ikitoka kwenye mzigo mwingine, inaweza kutofautiana kiasi cha kuonekana katikati ya jani.

Maneno ndiyo yalikuwa mepesi. Herufi kubwa za vijumba 9 kwenda juu zilitosha. Nyingi zilichukua vijumba 5 vya upana, M ikadai 7 na I ikaridhika na 3. Nikiacha kijumba kimoja kati ya herufi na vinne kati ya maneno, "Karibu Nyumbani" ilichukua vijumba 84, yaani karibu sentimita 17.

Ua lilikuwa shughuli. Hifadhi ya Kitulo, ambayo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, ina aina 45 za okidi peke yake, na mtu aliyeitembelea wakati wa mvua anarudi na simu iliyojaa picha zisizofaa kabisa kudariziwa. Picha nzuri ya kutazama ina nyasi, ukungu, mlima nyuma na maua ishirini. Msalaba wa milimita mbili hauwezi kubeba ukungu. Programu ya kwanza niliyoijaribu iliigeuza picha ya namna hiyo kuwa mchoro wenye rangi zaidi ya 60, huku misalaba ya rangi mbalimbali ikiwa imetawanyika mmojammoja kila mahali, na kila mmoja ungehitaji kufungwa na kukatwa uzi wake. Nilimwonyesha mama mkubwa, aliyekuja kutoka Tukuyu kunisaidia kushona na ambaye amedarizi tangu kabla sijazaliwa. Alivaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akauliza, "haya madoadoa yote ni ya kushona, au printa imechafua?"

Nikachagua picha ya ua moja tu, la jamii ya Kniphofia, lenye shina refu na vichipukizi vya rangi ya chungwa vilivyobanana juu yake. Nililitaka liwe na upana wa sentimita 12 na urefu wa sentimita 20 kwenye kitambaa. Kwa hesabu za kitambaa changu hiyo ni misalaba 60 kwa 84. Katika GIMP niliikata picha kwa uwiano wa 12 kwa 20, kisha nikaipunguza hadi pikseli, yaani nukta za picha, 60 kwa 84, kila moja ikiwa msalaba mmoja, baada ya kufungua ile alama ya mnyororo mdogo inayolazimisha uwiano usibadilike. Kwenye kioo ua lilionekana fupi na nene, na mtu asiyejua angedhani limeharibika. Baada ya hapo nilitumia uwezo wa programu hiyo wa kubana picha ndani ya orodha maalumu ya rangi, nikaipa zile 13 za kadi zangu, nikahakikisha kwamba chaguo la kuchanganya rangi kwa vitone limezimwa. Chaguo hilo likiachwa wazi, yale madoadoa ya mama mkubwa yanarudi. Ua lenyewe liliishia kutumia rangi 9. Mandhari yote ya nyuma niliifuta, nikaacha kitambaa kitupu.

Mashine haimalizi kazi. Nilikuza picha ile hadi kila pikseli ikaonekana, nikaipitia safu kwa safu nikiandika namba kwenye jedwali, na kila nilipokutana na kijumba kimoja cha kahawia kilichozungukwa na kijani nilikigeuza kijani. Hatua hiyo ilikula jioni nyingi na inauma mgongo na macho. Hata hivyo ndiyo iliyotofautisha ua na doa. Kingo za vichipukizi, ambazo mashine ilizipotezea umbo, nilizichorea mistari ya kushonwa mwishoni kwa mshono wa kurudisha sindano nyuma, kwa uzi mmoja wa kahawia iliyoiva.

Nilipofika kwenye kuchapa nilidhani magumu yameisha. Nakala ya kwanza niliichapa kwa rangi tupu, bila namba, kwa kuwa ilipendeza. Usiku, chini ya balbu, bluu iliyoiva na nyeusi zilikuwa kitu kimoja, na mama mkubwa alikuwa akiniita kila baada ya dakika chache kuuliza kijumba hiki ni kipi. Nakala iliyofanya kazi ilikuwa ya nyeusi tupu, yenye alama badala ya rangi. Alama nazo zina adabu yake: duara tupu na sifuri zisikae kwenye mchoro mmoja, wala alama ya kujumlisha pamoja na ile ya kuzidisha, na rangi nzito zipewe alama nzito ili umbo la ua lionekane hata kwa mbali. Mstari wa kila kijumba cha kumi uwe mnene na wenye namba pembeni.

Printa ndogo za wino zina tabia zake. Ukiacha mpangilio wa kawaida, mistari ya kijivu huchapwa kwa kuchanganya wino wa rangi, hivyo mchoro usio na rangi hata moja unamaliza katriji ya rangi. Chagua nyeusi peke yake. Mpangilio wa kubana wino hupoteza mistari myembamba. Wino wa aina nyingi za printa hizi huyeyuka kwa maji: karatasi moja ilinyeshewa na manyunyu kati ya kituo cha daladala na nyumbani, alama zikavujiana, nikaichapa upya. Kuanzia hapo kila ukurasa ulikaa ndani ya mfuko wa plastiki wa faili, na misalaba iliyokwisha kushonwa tuliipigia mstari kwa penseli kwenye nakala nyingine, kwa sababu kalamu ya kung'arishia maandishi huburuta wino. Umeme nao ukikatika katikati ya kuchapa, kichwa cha printa hubaki wazi badala ya kurudi kwenye kifuniko chake, na wino hukaukia ndani. Umeme ukirudi, washa printa mara moja, iache ijipange, kisha izime kwa kitufe chake. Printa iliyokaa mwezi mzima bila kazi nayo hukauka vilevile, kwa hiyo chapa hata ukurasa mmoja kila wiki.

Mchoro wa ua ulihitaji kurasa nne za A4, kila moja ikiwa na vijumba 40 kwa 50. Kwenye kila ukurasa nilirudia safu tatu za ukurasa wa jirani, nikazitia kijivu hafifu, ili mshonaji ajue mahali pa kuunganisha. Katriji iliisha baada ya kurasa mbili. Mbili zilizobaki nilizichapisha kwenye duka la stationari, na hapo zikarudi zikiwa zimepunguzwa kidogo ili zienee ndani ya ukingo wa karatasi. Kwa kuhesabu vijumba tu hilo lisingedhuru, lakini kurasa nne zilizobandikwa pamoja hazikukutana, na mstari wa kumi wa huku ukaangukia kati ya vijumba vya kule.

Kushona kulienda vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu tulikikunja kitambaa kizima mara nne kupata katikati, kisha tukapiga bandi kila baada ya misalaba kumi kwa uzi mweupe usiochuja, kufuata mistari minene ya mchoro. Anayekosea kuhesabu anagundua ndani ya kumi ileile, si baada ya jani zima.

Kuhusu fedha, nyuzi zilichukua zaidi ya nusu ya gharama yote, kitambaa kikafuata, na karatasi hazikufika popote. Kilichoniuma ni katriji, kwani mbili, ya nyeusi na ya rangi, zilikaribia nusu ya bei ya printa yenyewe. Kwa maoni yangu, anayekusudia kutengeneza mchoro mmoja au miwili kwa mwaka asinunue printa. Atengeneze mchoro wake, auhifadhi kama PDF, aupeleke kwenye duka lenye printa ya leza, ambayo wino wake haukimbizwi na maji, na amwambie mhudumu mambo matatu: nyeusi tu, karatasi ya A4, ukubwa wa asilimia 100. Mimi sasa huchora pembeni mwa kila ukurasa mstari wa sentimita 10, na huenda dukani na rula. Mstari ukisoma sentimita 9.6, karatasi inarudi kaunta kabla sijalipa.